Bi Pupa wa Masizi na Chokaa

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeiandika salamu kisha nikaruka mstari mmoja, mahali pa marahaba yako. Nimeutazama mstari huo mtupu mpaka macho yakaniuma. Basi naendelea hivyo hivyo.

Ninakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia haya. Mama nikitaja jina lako huanza kulia. Baba alikuja kukuzika na amekwisha rudi kazini Mackinnon Road. Na mimi unanijua: mbele ya watu maneno hunikwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwenye karatasi hayakwami. Wewe ulikuwa ukiwaambia watu, "Mejumaa huyu ukitaka kujua ana nini moyoni, usimwulize, mpe kalamu." Kalamu ninayo, Shangazi. Nimekaa nayo uani kwako, mlango wako umefungwa kwa kamba ya mnazi, na kuku wako wanalala kwetu.

Nianze na habari mbaya, maana hukupenda kuzungushwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi wanawake waliingia kufagia chumba chako. Chini ya kitanda, nyuma ya vyungu ulivyokuwa hujavichoma, wakamkuta Bi Pupa.

Hawakumtambua. Waliona sanamu ya udongo, mwanamke mwembamba urefu wa shubiri, nywele zimepanda juu kama kichuguu, nyusi moja imeinuka, na mkononi mkasi uliokunjwa kwa waya wa mwavuli. Kando yake palikuwa na vifuu viwili vya nazi, kimoja kimejaa unga mweusi, kingine unga mweupe. Na aliyeinama akamvuta kutoka gizani, kati ya wanawake wote waliokuwamo, alikuwa Mwaka, mke wa Hamadi. Mimi nilikuwa kisimani. Nilisikia ukelele wake, nikaiacha ndoo.

Mtoto wake Zuhura alikuwa amezikwa masika hayo hayo, wiki chache kabla yako, hajaota hata jino. Na wewe ndiye uliyempakata jioni ya kuamkia homa yake. Ulimwinua juu ukasema, "Mtoto mzuri huyu, macho kama ya paka!" Hukusema mashallah. Nilikuwapo, Shangazi. Hukusema. Ulikuwa unacheka, na kicheko kilikupitisha. Wengine nao walisikia kuwa hukusema, na tangu siku ile walinong'ona, lakini walinong'ona chinichini kwa kuwa ulikuwa hai na ulimi wako ulikuwa hai. Baada ya kufa kwako hakukuwa na wa kumwogopa. Na sasa wamepata sanamu yenye mkasi.

"Mimi nilisema!" Bi Riziki alipiga kofi paja lake. "Mwanamke aachike mara tatu, akae peke yake na udongo wake mchana kutwa, afanye nini humo ndani? Vyungu tu? Hata sisi kwetu Mkwiro tunawajua watu kama hao."

Nataka ujue kwamba nilisema. Nilisimama mlangoni nikasema, "Huyo ni Bi Pupa. Bi Pupa wa sinema." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Bi Riziki akanitazama kwa huruma.

"Sinema! Mtoto, watu wa sinema ni mwanga juu ya shuka. Likizimwa gari, wamekwisha. Wewe umewahi kumkuta mtu wa sinema chini ya kitanda?"

Wanawake wote wakasema kweli. Ile sanamu ilikuwa na rangi ya udongo uliochomwa, kahawia kama chungu, haina macho, haina mistari ya gauni. Ningekuwa sikukuona ukiifinyanga, labda na mimi ningekimbia.

Baba Mkubwa aliitwa. Alisimama mbali, kanzu ameikusanya magotini, akaamuru itiwe kwenye pakacha pamoja na vile vifuu, itundikwe kwenye ua nyuma ya choo, na asiiguse mtu mpaka mganga aletwe kutoka Kinango aje kuiagua. Kisha akasema neno ambalo lilimfanya Mama aketi chini. Alisema khitma yako ya arobaini haitasomwa. "Siwezi kuwaita watu na misahafu yao waje wakae katika nyumba iliyofuga kitu kama kile. Dada yangu ni dada yangu. Lakini siwezi."

Tangu hapo, Shangazi, watu waliacha kusema marehemu. Walisema "yule." Watoto walipita mbali na ua wetu. Mwaka aliacha kuitikia salamu ya Mama, akawa ananitazama mimi kana kwamba nami ninamfichia kitu. Na mimi nikiwa darasani, mwalimu anafundisha, nilikuwa nikikuwaza uko chini ya mchanga peke yako na hakuna hata mmoja atakayekusomea. Nilijaribu kukusomea mwenyewe, Yasini, lakini nilikosea kosea kwa kulia, nikaogopa kwamba inahesabika kuwa haikusomwa.

Nilijua jambo moja tu ambalo wao hawakulijua. Nilijua huyo sanamu ni nani, na amefinyangwa kwa ajili ya nani.

Unakumbuka usiku ule? Gari la sinema lilikuja miezi michache baada ya bendera mpya kupandishwa. Shuka ilifungwa kati ya minazi miwili kwenye uwanja wa shule. Wanaume na wavulana walijaa mbele, sisi wanawake tukaambiwa tukae nyuma ya shuka, na wewe ukasema, "Vizuri, huku hakuna harufu ya tumbaku." Kwanza walituonyesha jinsi ya kuchimba choo na kunawa mikono, ukasinzia. Kisha zikaja zile picha za kuchorwa zinazotembea, ukaamka.

Mwanamke wa kuchorwa, mrefu kama mwiko, anakwenda kwa pupa, kiuno mbele kichwa nyuma. Aliingia katika mji wa sungura na kuku, akawa anakata vivuli vyao kwa mkasi mkubwa ili ajishonee gauni. Kila aliyekatwa kivuli alilegea akalala. Maneno yalikuwa ya Kizungu, hakuna aliyeyaelewa hata kidogo, basi wewe ukawa unatutafsiria uongo mtupu. "Ewe kuku, nipe kivuli chako, wewe wakitumia nini? Nitakulipa mwezi ujao!" Wanawake walikufa kwa kicheko. Bi Riziki ndiye aliyempa jina la Bi Pupa, yeye mwenyewe, leo amesahau. Na Mwaka alikuwa amekaa nawe mkeka mmoja, ana mimba ya Zuhura, amejishika tumbo kwa mikono miwili anasema, "Shangazi, nyamaza, nitazaa hapa hapa!"

Mwishoni wale sungura walimsukuma Bi Pupa kisimani, vivuli vikarudi, watu wakapiga makofi. Wewe hukupiga. Njiani ukaniambia, "Wamemtosa mwanamke wa watu. Na hakuna aliyetazama chini ya miguu yake. Yeye mwenyewe hakuwa na kivuli, Mejumaa. Uliona? Mwanzo hadi mwisho hakuwa nacho."

Sikuona. Nilikuwa natazama mkasi. Wewe peke yako uliona.

Kila kitabu nilichokusomea ilikuwa hivyo. Nikifika mahali pa mke mwovu au mama wa kambo ulikuwa ukiacha kukwangua chungu, unashika gamba la kombe hewani, unasema, "Soma tena hapo. Huyo nataka kumsikia."

Ulianza kumfinyanga wiki ile ile. Kwa siri, maana Baba Mkubwa angesema malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Ulimkwangua kwa ukucha, ukamsugua kwa kile kijiwe chako cheusi mpaka mgongo ukang'aa, ukamchoma ndani ya chungu kikubwa, katikati ya makumbi ya nazi, asionekane. Uliniambia ni wa Mwaka. "Siku akitoka uzazini nitampelekea, acheke. Bado rangi tu." Kisha kifua kikaanza kukubana, rangi ikangoja. Kisha Zuhura akazaliwa, kisha Zuhura akafa. Nikakuuliza kuhusu sanamu, ukaisukuma chini ya kitanda kwa mguu. "Utampaje mama aliyefiwa kitu cha kuchekesha? Muache hapo."

Basi nikaamua kumpaka rangi mimi. Niliwaza kwamba nikimkamilisha, kila aliyekuwa uwanjani usiku ule atamjua, na akimjua hatakuwa na la kusema. Nilijua hilo tu la kufanya. Mtu mwingine angekwenda nyumba kwa nyumba akaeleza. Mimi siwezi, unajua siwezi.

Kumchukua hakukuwa kugumu. Hakuna aliyethubutu kusogea nyuma ya choo mchana wala jioni, hata mbuzi wa Bi Riziki walifukuzwa huko. Nilitia mkono kwenye pakacha nikamtoa, nikaviacha vile vifuu. Hata mimi niliviogopa, Shangazi. Sikuwa nimewahi kuviona. Nilisema moyoni, huyu namjua, lakini hivyo sivijui. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na shaka nawe. Nilikaa na shaka hiyo siku nzima, na ilikuwa mbaya kuliko siku uliyokufa.

Shuleni zilikuwa zimebaki rangi tulizopakia nguzo na mawe ya uwanja kwa ajili ya sherehe za uhuru. Mwalimu aliniruhusu kukwangua makopo. Nyeusi, nyekundu, kijani, na nyeupe kidogo iliyoganda. Nilikwenda chini ya ule mkorosho nyuma ya bweni, nikatafuna ncha ya mswaki wa mti mpaka ikawa nyuzi, nikampaka. Gauni jekundu. Nywele nyeusi. Uso nikaupaka nyeupe, na midomo kijani kwa sababu nyekundu ilikwisha.

Alitisha. Alikuwa kama bendera iliyofufuka. Nilimwonyesha Mama, akaziba mdomo kwa leso. "Mejumaa, mwanangu, mrudishe. Mrudishe kabla hajaonekana. Umemzidishia."

Sikumrudisha. Nilimficha kwenye begi la vitabu, nikaanza kuuliza, kidogo kidogo, kwa wale ambao naweza kusema nao. Gauni la Bi Pupa lilikuwa rangi gani? Mama alisema kijani kibichi, anakumbuka vizuri sana. Msichana tunayekaa naye dawati moja alisema la zambarau. Mpishi wa shule alisema jekundu kama damu ya kuku, na akaapa. Niliuliza wengi, na wote walikuwa na uhakika, na hakuna wawili waliolingana. Nilirudi chini ya mkorosho nikalia. Nilikuwa nimechoka. Mganga alikuwa amekwisha pelekewa habari, na arobaini yako ilikuwa inakaribia. Nilisema kwa sauti, kama mwendawazimu, "Shangazi, si ungeniambia tu lilikuwa rangi gani?"

Ndipo nikakumbuka vile vifuu.

Nilikimbia, Shangazi. Mimi, nilikimbia katikati ya kijiji, viatu mkononi, na Bi Riziki akapiga kelele kuniuliza nani kafa tena. Nilifika nyuma ya choo nikatia kidole katika kifuu cha kwanza, nikanusa. Masizi. Masizi ya chini ya chungu, umeyachekecha yakawa laini kama poda. Nikatia katika cha pili. Chokaa. Nikakaa pale pale kwenye majani, nikacheka na kulia, sijui kipi kilikuwa kingi zaidi.

Sinema ile haikuwa na rangi! Ilikuwa nyeusi na nyeupe na kijivu, mwanzo hadi mwisho. Kila mtu alikwenda nyumbani akamvika Bi Pupa rangi aliyoitaka. Wewe peke yako ulimwacha kama alivyokuwa. Ulikuwa umemwekea rangi zake tayari, na watu wakaziita dawa.

Nisamehe ile siku moja ya shaka. Sijui nani mwingine wa kumwomba.

Nilimsugua kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka nyekundu yote ikatoka. Niliyakoroga masizi kwa ute wa yai, na chokaa kwa maji. Nywele nyeusi, nikazipitishia nyuzi nyeupe kwa ncha ya unyoya wa kuku. Gauni mistari, mweusi mmoja, mweupe mmoja, inayoteremka mpaka miguuni, ingawa mistari mingine imepinda. Uso nilichanganya masizi na chokaa nikapata kijivu kile, kile cha kwenye shuka. Nilibakiza nyusi mwisho. Nilipoipaka ile iliyoinuka nikasita.

Ilikuwa nyusi yako. Ile ya upande mmoja, unayoiinua mtu akikudanganya. Sijui kama ulijua ulipokuwa ukiifinyanga. Hatuna picha yako hata moja, Shangazi. Hukuwahi kwenda Mombasa kupigwa picha. Nilishika unyoya nikatazama, nikatafuta sehemu nyingine zako, pua, kidevu, na hazikuwamo. Ilikuwa nyusi moja tu. Pua yako tayari siioni vizuri nikifumba macho. Naogopa sana.

Siku ambayo mganga alitazamiwa, watu walikusanyika uani tangu asubuhi. Nilisubiri wamekaa wote. Kisha nikatoka na Bi Pupa mkononi, nikageuza kinu juu chini, nikamsimamisha hapo juani, nikarudi nyuma. Wengine waliinuka kukimbia.

Mtoto mmoja wa kike ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Bi Riziki akasogea hatua, akasogea nyingine, akainamisha kichwa.

"Haa," akasema. "Haa! Si Bi Pupa huyu?"

Na kabla mtu hajajibu akashika kiuno, akakipeleka mbele, akatupa kichwa nyuma, akavuka uwanja kwa mwendo ule, anakata hewa kwa vidole viwili. "Ewe kuku, nipe kivuli chako!" Maneno yako, Shangazi. Maneno yako yalitoka mdomoni mwake. Wanawake wakaangua kicheko, wakawa wanasukumana, "Ni yeye, ni yeye, tazama nywele," na Mama akacheka huku amefunika uso wote kwa leso.

Baba Mkubwa alingoja mpaka wakamaliza. Kisha akasema, kwa utulivu, "Huyo si yule. Yule alishika mkasi mkono wa kulia. Huyu ameshika kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto mnajua ni wa nini."

Bi Riziki akageuka pole pole. "Shemeji! Kumbe ulikuwako! Si ulituambia msikitini ulikesha?"

"Nilikuwa napita njia."

"Ukapita mpaka ukauona mkono!"

Watu walicheka tena, hata Hamadi alitazama chini akiuma mdomo. Lakini mimi nilimwona Baba Mkubwa anaanza kukasirika, nikajua akikasirika yamekwisha. Nikachana ukurasa kutoka daftari langu. Niliandika jina lako kwa herufi kubwa, nikamwendea, nikasema shikamoo, nikauinua ukurasa juani kati yangu na yeye. Yeye aliliona jina sawasawa. Kisha nikamgeuzia, aone kwa nyuma.

"Ninyi mlikaa mbele ya shuka," nikasema. "Sisi tulikaa nyuma."

Alitazama. Akaushika ukurasa mwenyewe, akaugeuza mbele, akaugeuza nyuma. Aliona kulia kunakuwa kushoto. Kisha aliukunja ukurasa ule wenye jina lako akautia mfukoni mwa kanzu, hakuutupa. Nadhani ningefurahi hapo, Shangazi. Nadhani nilikuwa nimeanza kufurahi.

Kisha Mwaka akainuka.

Alikuwa amekaa peke yake kando ya jiko, na hakuwa amecheka. Watu walimpisha. Alimchukua Bi Pupa kwa mikono miwili, akamtazama usoni, akapitisha kidole kwenye mkasi, akamgeuza akaona mgongo uliousugua mpaka ukang'aa.

"Ni yeye," akasema. "Nilikuwa nimekaa karibu kabisa. Ni yeye." Kisha akaniuliza, "Alimtengeneza kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mbele ya watu, na koo halikunibana. Kwamba Bi Pupa alikuwa wake, wa siku ya kutoka uzazini, acheke. Kwamba ulipatwa na ugonjwa, kisha ukaona haya kumpa. Nilisema vizuri, Shangazi, ungejivunia. Nilidhani ndiyo dawa.

Mwaka akamgeukia Baba Mkubwa. "Baba, huu si uchawi. Msomeeni khitma yake."

"Tutasoma," Baba Mkubwa akasema. Mganga alipofika alipewa chai, akaombwa radhi kwa safari, akaondoka.

Lakini sijamaliza. Watu walipoanza kutawanyika Mwaka alikuja karibu nami, bado amemshika, akasema kwa sauti ya chini, si kwa hasira, "Basi mwanangu aliuawa na nini?"

Akasogea hatua nyingine.

"Wewe unasoma, Mejumaa. Kila siku umeshika kitabu. Kama si yeye, niambie ni nini. Alinyonya vizuri asubuhi. Alicheka. Ni nini?"

Alingoja kweli. Alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja jibu litoke. Nilifikiria vitabu vyote nilivyokusomea na vile ambavyo sikukusomea, na hakuna hata kimoja kilichosema. Niliona nilichomfanyia. Alipokuwa nawe wa kumlaumu alikuwa na mahali pa kutazama. Aliamka asubuhi akijua nani wa kumchukia, akaweza kula. Mimi nimekuja na masizi na chokaa nikamwondolea hicho, mbele ya watu wote, huku wanacheka. Na sikuwa na kitu cha kumpa mahali pake.

Shangazi, nilidhani nikilisafisha jina lako nitapumua. Sipumui. Je, ningefanyaje? Ningekuacha uitwe yule? Ungekuwa hapa ungeinua ile nyusi ukasema jambo, na lingekuwa jambo la kuchekesha, na katikati yake lingekuwa la kweli, na Mwaka angelia vizuri, si kulia kule kwa ndani. Hakuna mwingine anayeweza. Wote wanamwambia ni kudra, subiri, utapata mwingine. Anawaitikia kwa kichwa.

Khitma yako ilisomwa jana. Nyumba ilijaa, wengine wakakaa uani. Baba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyefungua dua, na alipofika kwenye jina lako alisimama kidogo, akalirudia. Walisema marehemu. Mama alipika biriani kwa mbuzi wa Bi Riziki, ambaye Bi Riziki alimleta mwenyewe anamvuta kwa kamba na hakusema kwa nini, akaingia jikoni moja kwa moja akaanza kumenya vitunguu.

Mwaka alikuja lakini hakuingia ndani. Alikaa nje kwenye kivuli cha ukuta wako. Nilikuwa na sinia la kupeleka, nikampa mtu mwingine, nikakaa naye. Kutoka ndani zilikuwa zinasikika sauti za wasomaji zote kwa pamoja, kila mmoja na juzuu yake. Baada ya muda aliegemeza bega lake kwenye langu, kama mtu aliyesinzia, lakini alikuwa macho. Bi Pupa sijui amemweka wapi. Sikumwuliza, na sitamwuliza.

Sasa kalamu inaanza kukauka na Mama ananiita. Nakuaga, Shangazi. Mola akupanulie kaburi lako, akutie nuru humo, na akukutanishe na yule mtoto umpakate tena, umsemee mashallah.

Na ninakuahidi hili. Sitamwambia Mwaka ni kudra, na sitamtungia sababu, ingawa najua kutunga. Kila nikitoka shule nitapitia kwake kabla ya kufika kwetu. Akiniuliza tena ni nini kilimuua Zuhura, nitamwambia sijui. Kisha sitaondoka. Akitaka kuniuliza mara nyingine siku hiyo hiyo, nitakuwa nimekaa pale pale.

Ni mimi mwanao,
Mejumaa